Kijiko cha Sita

Mzee wangu Mutua,

Kijiko chako ninacho mimi. Mkeo, Mama Nduku, amekitafuta tangu tulipokuzika, ameinua hata magodoro, na mimi nikakaa kimya kama si mimi. Naanza na hilo lisije likanikwama kooni.

Nakuandikia nikiwa ofisini. Ndiyo, nina ofisi, usicheke. Ni kile chumba walichokuwa wakitupia mikokoteni mibovu, sasa mlangoni wameandika "Ubora". Wewe ofisi yako ilikuwa kiti cha miguu mitatu mwisho wa laini, na kila kigae cha paa kilichotoka tanurini kilipita mikononi mwako. Ulikigonga kwa kijiko ulichotoka nacho nyumbani cha kulia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, ukakisikiliza. Kikilia vizuri, kilienda kupakiwa kwenye lori. Kikilia vibaya, "Aiee, hii iko na homa," na unakiweka kando. Siku yangu ya kwanza nilidhani unanitania. Niligonga vigae ishirini nisisikie tofauti yoyote, ukasema, "Mwikali, masikio yako imejaa redio." Ilinichukua miezi mitatu kuisikia hiyo homa. Nilifurahi hadi nikakiangusha kigae chenyewe. Ulinikaripia, lakini nilikuona ukigeuka kuficha kicheko.

Hukuwa umemaliza miezi miwili kaburini meneja alipotuita. Mnunuzi wetu mkubwa, yule anayejenga majumba kule Syokimau, alikuwa amesema hatachukua tena vigae kwenye kiwanda kisicho na cheti cha ubora. Bila yeye tanuri moja lingezimwa, na nusu yetu tungerudi nyumbani kungoja mvua. Kazi ya kutafuta cheti nikapewa mimi, kwa sababu niliwahi kukaa karibu nawe na kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Aliletwa mshauri kutufundisha. Alisema zamani viwanda vilimweka mtu mmoja mwisho wa laini atenge kizuri na kibaya. Baadaye watu wakaona huko ni kuchelewa, maana kibaya kimeshakula udongo na kuni. Wakaanza kupima kazi ikiwa bado inaendelea, wakaandika taratibu, na sasa kila mtu anaubeba ubora pale anaposimama. Nilikasirika, Mzee. Niliona ni wewe unayesemwa. Hata hivyo nilikaa nikaandika mafaili tisa ya taratibu, na katika yote tisa kijiko hakikuwemo. Niliona aibu. Mgeni atoke Nairobi aje asome kwamba tunapima vigae kwa kijiko cha muthokoi?

Halafu nikafanya lile lingine. Unatujua sisi na wageni. Mgeni akisikika yuko njiani, uwanja unafagiwa hadi unang'aa hata kama ndani hakuna majani ya chai. Wiki ya ukaguzi tulipaka mawe chokaa, tukapanda maua langoni, na nikaamuru yale marundo yako matatu ya vigae vibovu kando ya ua yafukiwe. Yalimwagwa yote pamoja kwenye shimo nyuma ya choo. Nilisimamia mwenyewe, tena nikajipongeza.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye raba miguuni. Alisoma mafaili, akanywa chai, akazunguka uwanja mzima. Kisha akauliza vibovu viko wapi. Meneja akajibu kwa fahari kwamba hatuna. Yule mama alimtazama kwa huruma. "Kiwanda bila vibovu sijawahi kuona. Nimeona tu wenye wanaficha." Akauliza sasa tunajuaje kosa limeanzia wapi, kwenye udongo, kwenye kukausha ama kwenye moto.

Udongo, kukausha, moto. Mzee, hapo ndipo nilipoelewa marundo yako. La karibu na lango lilikuwa la vigae vyenye vijiwe, la katikati vilivyopinda, la mwisho vile ambavyo havikuiva. Kila Ijumaa ulisimama ukiyatazama, na lililokua zaidi ndilo lililoamua Jumatatu utakwenda kusimama wapi, mikono nyuma, bila kusema neno. Watu walikuita askari. Wanza wa kwenye chaga za kukaushia akikuona unakuja alianza kuimba nyimbo za kanisani kwa hasira. Sote tulidhani ni ukaidi wa uzee. Kumbe ulikuwa umeweka kumbukumbu ya kiwanda kizima pale kando ya ua, na mimi nimeifukia nyuma ya choo. Nililia mbele ya mgeni. Niliona nimekuzika mara ya pili, na safari hii hata sala moja haikusemwa.

Cheti hatukupata. Tulipewa miezi sita turekebishe.

Lakini nina neno nawe pia. Mbona hukutuambia? Ulijua vigae vya Wanza vinapindishwa na upepo wa saa sita. Ungesema tu, angevifunika siku hiyo hiyo. Ulikaa na jibu mwisho wa laini, ukangoja tukosee, ukatenga. Nakupenda, na nitakupenda, ila hapo na wewe ulikuwa na homa.

Jumatatu iliyofuata niliwakusanya wote, nikaweka kijiko mezani, nikawaeleza siri ya marundo. Wanza alikichukua kijiko, akakigeuza. Akasema, "Kumbe mzee hakuwa ananichukia." Hakuna aliyecheka. Marundo yakarudi, lakini sasa kila moja liko pale kosa linapozaliwa. La vilivyopinda liko miguuni pa Wanza mwenyewe, naye ndiye mlinzi wake. Watu wakauliza wao watagonga na nini, na kesho yake kila mmoja akaja na kijiko cha kwao. Wanza alishona magunia, akayatundika upande unakotoka upepo. Rundo lake lilipungua hadi wenzake wakasema anavitafuna.

Niliandika taratibu upya, mafaili manne tu, na nikaandika tunachofanya, si tunachotaka mgeni aone. Humo mna sentensi hii: kila kigae hugongwa kwa kijiko cha chuma na kusikilizwa. Mkaguzi aliporudi akafika hapo, aliinua macho. Nikajua tumekwisha. Akaomba kijiko, akapewa chako. Akagonga vigae viwili, akaambiwa achague chenye homa, akachagua kizima. Wanza hakungoja. "Mama, masikio yako imejaa redio." Meneja alifunga macho. Yule mama akacheka hadi akashika ukuta, kisha akatuagiza tuweke kigae kimoja kizima na kimoja kibovu kwenye kila kituo, ili mgeni na mwajiriwa mpya wajifunzie hapo.

Cheti kilikuja, Mzee. Mnunuzi alibaki. Matanuri yote mawili yanawaka ninavyokuandikia, moshi wake unaingia hata humu.

Na wanasema viwango vyenyewe vimebadilika tena. Toleo jipya halina haja na makaratasi mengi, linauliza mteja anasemaje. Basi nilifunga safari hadi Masii kwa mwalimu mkuu aliyeezeka madarasa kwa vigae vyetu. Aliniambia mvua ya Novemba yote watoto hawakusogeza dawati hata moja. Nimeyaandika hayo kwenye faili kama alivyoyasema. Natamani ungekuwepo uyasikie, maana hakuna aliyewahi kukuletea habari za vigae ulivyovipitisha. Ulipelekewa vilivyorudi tu.

Sasa nikueleze kwa nini nilikificha kijiko. Niliogopa kwamba bila hicho sitasikia kitu, kwamba masikio yalikuwa yako, mimi nilikuwa nimeazima. Wiki iliyopita nilifumba macho nikagonga kwa kijiko cha Wanza, kile chenye mpini uliopinda. Nilisikia. Nikampa kijana aliyeanza kazi mwezi jana, naye akasikia. Basi, hakihitajiki tena hapa.

Mama Nduku ana seti ya vijiko sita uliyomnunulia mlipooana. Tangu uende huwapangia wageni vitano na kimoja cha plastiki, na kila mara anaomba radhi. Kesho ni Jumamosi. Nitapanda hadi kwenu Mua, nimwambie ukweli wote, na akinigombeza nitainamisha kichwa. Kijiko kimelika mdomo upande mmoja kwa kugonga, lakini atakitambua.

Pumzika, Mzee. Nakuahidi sitakaa na jibu mwisho wa laini. Nikisikia homa nitasema papo hapo, kwa mwenyewe, kwa heshima. Na kesho mkeo akipanga meza, vijiko vitatimia sita.

Mimi wako, mwenye redio masikioni,
Mwikali