Aliyekuja na Chai ya Maziwa

Jumapili, Julai. Baridi ya mtaa wetu wa Kileleshwa imekataa kuondoka na jua halijatokea tangu asubuhi.

Mama yuko kwangu tangu tumzike Baba kule Kitui. Haongei. Anakaa sebuleni akiangalia ukuta, ukimuuliza kitu anasema "ni sawa," basi.

Mimi huchora matangazo nikiwa nyumbani, na kazi ikinilemea huvuta kidogo. Bangi, ndiyo, wacha niseme tu. Jamaa mmoja wa pale madukani Adams Arcade aliniuzia aina anayoiita sativa.

"Hii haikulazi, madam. Hii inakuamsha. Kichwa inakuwa nyepesi, maneno inakuja yenyewe. Lakini usizidishe, itakuonyesha vitu."

Nikacheka. Nikaiweka kwenye kopo jikoni.

Jikoni! Akili zangu zilikuwa wapi?

Jana asubuhi nilitoka kununua mkate. Mama, kama mama yeyote wa kwetu, akiona majani makavu jikoni anajua ni dawa ya chai. Akayachemsha na maziwa na tangawizi. Niliporudi alikuwa amemaliza kikombe chake na kunimiminia changu. Nilikunywa nusu ndipo nikaisikia ile harufu.

Bangi ukiinywa huchelewa kushika, lakini ikishika haikuachi upesi. Tulipomaliza chakula cha mchana, Mama akaanza kuongea.

Woi!

Aliongea kuhusu mvua, mbuzi, harusi yake. Macho yalimng'aa. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Halafu nikaona haongei na mimi. Alikuwa amekigeukia kiti cha dirishani, ambacho Baba hakuwahi kukikalia kwa sababu hakuwahi kufika hapa.

"Baba Mwende, hebu rudia, sijasikia."

Akasikiliza, akatikisa kichwa. Akacheka tena, pale hasa mtu anapocheka mwenzake akimaliza kisa.

Mama ana presha. Nilimshika mkono, na mapigo yalikuwa yanakimbia ovyo.

"Mwende, unanishikashika nini kama nesi? Salimia baba yako."

Hapo nikasikia mtu akisafisha koo kwenye kile kiti. Koo la Baba, vile alivyokuwa akifanya kabla ya kuanza maombi.

Najiambia ilikuwa ile nusu kikombe. Kitu hicho hukuchangamsha, kisha kikizidi kinakutia hofu na unasikia hata kisichokuwepo. Nayajua hayo yote. Lakini Mama alipoenda chooni nilikisogelea kile kiti nikanong'ona, "Baba, utamuua. Tafadhali, nenda."

Jioni alilala. Nilikaa kando yake nikisikiliza akipumua, nikaogopa hata kwenda kunywa maji. Majani yaliyobaki nimeyamwaga chooni.

Leo ameamka mzima. Ameoga, amekunywa uji, akavaa nguo ya kanisani. Lakini hakutaka twende. Alivuta kiti chake akaketi kukabili kile cha dirishani, akangoja. Alingoja mpaka majirani wakarudi kutoka ibadani, na mimi nikijifanya naosha vyombo.

Mwishowe akanigeukia. Macho yamezima tena.

"Leo hasemi. Mwende, ulimwambia nini?"

Nimegeukia sinki, nasuuza kikombe kilichokwisha kutakata. Nimwambie ilikuwa bangi, au nimwambie nilimfukuza?