Mbuzi wa Kijito cha Baba

Rughenda, Butembo, 14 Septemba 2025

Mdogo wangu Kanyere,

Pokea salamu za kaka yako kutoka mji huu ambao, baada ya miaka kumi na moja, bado sijauita kwetu. Je, magoti yamepoa? Muhogo wa Mbau umeshika vizuri? Sisi tu wazima. Wifi yako Marie-Jeanne anakohoa kidogo, na anakusalimu sana.

Barua yako ilinikuta nimekwisha kukasirika. Unauliza nani aliruhusu kijito chetu kiwekewe bomba na waya wa miiba, hata ninyi akina mama mkalazimika kutembea saa nzima hadi mto wa bondeni.

Mwezi wa tatu alinijia injinia wa kampuni, kijana wa Beni aitwaye Timothée. Alisema wanajenga nyumba ya mashine za akili bandia, zinazojibu maswali ya watu wa mbali na hata kuwaandikia barua. Zinawaka joto mchana na usiku, na pasipo maji mengi ya kuzipoza zinaungua. Nikamwambia madini yaliyomo ndani yake yalitoka katika ardhi yetu pamoja na damu. Sasa zimerudi na kiu? Akacheka, akasema muzee anapenda siasa, lakini akili hiyo inajua kila kitu. Nikamuuliza kama inajua Kanyere atateka maji wapi. Akajibu kwamba hilo ni swali dogo.

Dogo! Mtu aliyekua akipanga foleni ya bidoni za maji kama sisi sote! Nasikia huko ng'ambo watu huiomba iwachoree paka aliyevaa kofia. Kwa ajili ya paka huyo, wewe mwenye miaka sitini na minne unapanda kilima na lita ishirini mgongoni, kamba ikikukata paji la uso.

Sasa nifike pale ninapoogopa. Mliambiwa kwamba chifu ndiye aliyekitoa kijito. Hapana. Ni mimi.

Timothée alikuja na mbuzi dume, mweusi, akasema ni muhako. Unajua desturi yetu: anayemletea mwenye kilima mbuzi wa muhako anakiri kwamba ardhi si yake, anaitumia tu, na akiiharibu anafukuzwa. Tangu Baba afe na kuniachia kilima sijawahi kuletewa mbuzi huyo. Hapa naitwa déplacé, mtu aliyekimbia kwao. Nilipopokea kamba ya mbuzi, Kanyere, nililia. Karatasi yao ya Kifaransa niliisoma yote, hata pale palipoandikwa kwamba maji ni yao milele. Nikatia saini, nikiamini kwamba mbuzi ana nguvu kuliko karatasi. Nyama niliwagawia majirani, nimejaa fahari.

Juzi nilikwenda ofisini kwao Beni kuwafukuza, kama desturi inavyotaka. Timothée alinitazama kwa huruma, akasema yule mbuzi alikuwa zawadi tu.

Ijumaa nitakuja Mbau. Tutaandika pingamizi, nami nitatoa ushahidi dhidi ya saini yangu mwenyewe. Nakuomba uwasomee akina mama barua hii kabla sijafika, bila kuruka neno. Wasinipikie. Wala mtu asinitekee maji ya kuoga. Nitayafuata mwenyewe huko bondeni.

Wabusu wajukuu, na Mungu akutunzie miguu.

Kaka yako,
Phinées Lusenge