Kilomita Thelathini na Nne na Mkono Mmoja

CHAMA CHA WAOGELEAJI WA MASAFA MAREFU
KAMATI YA UTHIBITISHO, KIKAO CHA TISA

Tarehe: 14 Machi
Mahali: Chumba cha juu, nyuma ya duka la vioo

Waliohudhuria: Mwenyekiti, mwalimu mstaafu; Mama Filimbi, mjumbe na kocha; Mwogeleaji, fundi cherehani (mwalikwa); Katibu, mdogo wake Mwogeleaji.
Hawakuhudhuria: Daktari wa chama (kwa udhuru), Nahodha wa boti (bila taarifa, simu inaita tu).

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa saa 9:20 alasiri badala ya saa 9:00, kwa sababu ufunguo alikuwa nao Katibu, naye alikuwa anazungukazunguka nje. Mwogeleaji alipewa kiti, hakukaa. Alisimama dirishani akikanda bega la kulia.

KUMB. NA. 2/9: SAFARI ZA MWOGELEAJI
Mwenyekiti alisoma jalada. Mwogeleaji alianza miaka ishirini na sita iliyopita katika bwawa la machimbo ya mawe, akiwa na mpira wa gari kiunoni. Amevuka mito miwili na maziwa manne. Ziwa kubwa, kilomita 34, lilimshinda mara mbili. Mwezi uliopita alilivuka kwa saa kumi na moja na dakika nane. Daktari ameonya kwamba bega halitaki tena safari ndefu. Mwenyekiti alisema basi cheti kitiwe sahihi, dada apumzike kwa heshima, watu wakanywe chai.
Mwogeleaji alimwomba Mwenyekiti asimzike mapema.

KUMB. NA. 3/9: DAFTARI LA BOTI
Katibu, aliyekuwa msimamizi kwenye boti, alisoma daftari. Mwenyekiti alimtaka aache kugongagonga kalamu.
Mama Filimbi alikumbusha kwamba miaka tisa iliyopita, katika ziwa hilohilo, yeye mwenyewe akiogelea aliegemea boti sekunde tatu, na Katibu huyuhuyu akamfuta kwa kanuni ya tano: anayegusa boti au mtu, safari yake imeishia hapo. Alimwuliza Katibu: "Wewe baba, niangalie usoni. Saa zote hizo, hakuguswa?"
Mwenyekiti alisema maswali ya namna hiyo yanachafua hewa. Mama Filimbi alijibu kuwa hewa ilishachafuka tangu mwaka ule.
Katibu aliweka kalamu chini. Kisha alieleza kwamba katika saa ya nane kikombe kilichomoka kwenye ufito mrefu wa kumlishia bila kumgusa. Mwogeleaji alikuwa anatetemeka, midomo imebadilika rangi, na alikuwa ameanza kumwita Katibu kwa jina la utotoni, ambalo halikutumika tangu mama yao afariki. Katibu aliinama akampa kikombe kwa mkono. Vidole vilishikana. Katibu hakuviachia upesi. Daftarini aliandika: "Amekula, hali nzuri."
Katibu aliomba iandikwe kwamba aliogopa sana.
Mwenyekiti alisema, "Jamani!" Aliuliza kama maelezo hayo yanaweza kubaki humu chumbani. Mama Filimbi alisema yakibaki humu, na yeye arudishiwe sekunde zake tatu.

KUMB. NA. 4/9: KAULI YA MWOGELEAJI
Mwogeleaji alisema: "Mkono nilishikwa mimi, unadhani sikujua? Wiki tatu nangoja useme, mdogo wangu."
Katibu aliuliza mbona hakusema mwenyewe. Alijibu kwamba alilitaka lile ziwa mpaka aibu ikamtoka, na kila akishika sindano alikuwa anauhisi ule mkono. Alitaka safari ifutwe, kisha akauliza upepo utatulia lini. Mwenyekiti alitaja bega. Mwogeleaji alisema bega ni lake.

KUMB. NA. 5/9: MAAMUZI
Safari ilifutwa kwa kura mbili. Katibu hakupiga kura. Itarudiwa baada ya wiki sita, kama Daktari atakubali. Mwogeleaji aliomba neno "kama" liondolewe. Halikuondolewa.
Katibu ameondolewa kwenye boti. Atasubiri ng'ambo na taulo. Nafasi yake ataishika Mama Filimbi.
Mwogeleaji alimwuliza Mama Filimbi kama ataweza kumwona anatetemeka akamwacha. Mama Filimbi alijibu kuwa atalia njia nzima, lakini mkono wake hautafika majini.
Hapo ndipo Mwogeleaji alipokaa kwenye kiti.

Kikao kilifungwa saa 10:35 jioni. Chai haikunywewa.

Mwenyekiti: ........................
Katibu (hadi apatikane mwingine): ........................