Ukoka Mahali pa Kisiki

Kaka,

Salamu nakuletea, ingawa leo zimenuna. Shemeji hajambo? Watoto wanakua? Mimi mzima, nguvu za nyati, na hasira za kutosha nyumba mbili. Nikikupigia simu utanikatia, useme uko mkutanoni. Barua haikatiki.

Uliagiza kile kisiki nyuma ya jiko la Mama king'olewe, ukoka uote mahali pake, eti kinatia aibu na iko siku kitamwangusha. Nikasema sawa, bosi. Sasa Kaka, darasani uliniacha mbali, lakini kwa sururu hunifikii hata ukizaliwa upya. Nilikizunguka nikachimba, nikakata mizizi minene kama mapaja yako, nikaking'oa chote. Vipande vya mti sikuvifukia humo. Hayo hufanywa na mafundi uchwara, mti ukioza chini ardhi inabonyea na nyasi zinageuka njano. Nilijaza udongo mweusi kidogo kidogo, namwaga maji, nashindilia kwa miguu, mpaka jirani akaniuliza nacheza muziki gani. Nikamjibu huu muziki wasomi hawauwezi. Juu nikapandikiza ukoka.

Ukoka ulikuwa haujashika bado. Umekauka, rangi ya ufagio mkuukuu. Mama akatoka, akasimama mlangoni, akanisifu: mwanangu, kumependeza, kijani kibichi kabisa! Nikacheka, nikajua ananitania. Mjinga mimi.

Kesho yake akatoka na beseni la nguo. Akafika katikati ya kazi yangu nzuri, akasimama, mguu mmoja unapapasa chini kama anatafuta kandambili. Akageuka huku, akageuka kule. Akaishia kwenye ukuta wa jirani, anaanika shuka hewani. Likaanguka matopeni. Kaka, nimeshapigwa ngumi na wanaume wazima, sijaumia vile.

Nikambana, akasema. Muda mrefu sasa anaona vivuli tu. Akitoka jikoni alikuwa anakwenda moja kwa moja mpaka mguu uguse kisiki. Hapo anakata kulia kwenye kamba ya nguo, au kushoto kwenye bomba. Kisiki ndicho kilikuwa macho yake, na sisi wanawe tumeyang'oa kwa ajili ya aibu yako! Wewe hukuuliza. Na mimi, ninayekula kwake kila Jumapili, sikuona. Nani kipofu hapo?

Sasa nakwambia jambo ambalo Mama aliniapisha nisikwambie. Anakuogopa wewe. Anaogopa ukijua utampeleka kwenye ghorofa yako, akae kwenye kochi kama mto. Nimevunja kiapo kwa sababu siri hii siiwezi peke yangu, na mimi sio mtu wa kusema siwezi. Lakini sikia vizuri: ukija kumchukua, utanikuta getini, na mkono wangu unaujua. Ukija kukaa naye, akuonyeshe mwenyewe anavyoishi, begi lako nitakubebea mimi.

Kwa sasa nimefunga kamba kutoka mlango wa jiko hadi nguzo ya kuanikia. Amenitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Ameuliza kama yeye ni mbuzi. Nikaaga kwa sauti, nikabamiza geti, nikabaki ndani nimebana pumzi. Akatoka na beseni kiunoni, akapapasa, akaishika ile kamba.

Msalimie shemeji, umwambie namheshimu kuliko ninavyokuheshimu wewe kwa leo.

Ni mimi mdogo wako,
Sururu