Kengele ya Misugusugu

Kibaha
9 Machi 1955

Dada Siwema,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na kwamba mguu uliokuwa ukikusumbua umepoa. Mimi mwili wangu hauna ugonjwa. Nakula, nalala.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa watu. Ijumaa iliyopita gari la polisi ninaloliendesha lilimgonga mzee mmoja pale Misugusugu, akafa palepale. Jina lake Mzee Mbaraka, mkulima wa mihogo. Alikuwa na mkewe, Bi Mwanne. Mama huyo hakuguswa.

Nanakili kutoka daftari langu, kama lilivyo: "Saa tano na dakika kumi, habari imeletwa: ugomvi wa mapanga katika shamba la mkonge, mbele ya Misugusugu. Saa tano na kumi na mbili, tumeondoka. Mwendo maili hamsini. Kengele imepigwa tangu Kongowe. Saa tano na ishirini, mzee." Hapo niliacha, sikuandika zaidi siku ile.

Pale Misugusugu pana kibao cha maili thelathini. Lakini sheria inasema gari la polisi likiwa kazini, na kengele inalia, halifungwi na kibao. Bwana Inspekta amesoma daftari langu na kitabu cha gari, akasema sina kosa. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, atakuja hapa tarehe 12 Aprili kufanya uchunguzi.

Askari waliofika shambani baadaye waliwakuta wagomvi wameshapatana, wanakula ugali pamoja.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Mdogo wako,
Hemedi


Kisarawe
16 Machi 1955

Mdogo wangu Hemedi,

Marahaba. Mguu umepona, usiufikirie. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa natafuta mahali unaposema unajisikiaje. Sikupaona. Umeandika kama unavyoandika hesabu ya mafuta ya gari. Bwana Daftari, mimi ni dada yako, si Inspekta.

Pole sana. Namwombea marehemu.

Sasa nisikilize. Siku ya uchunguzi sema ukweli, na ukweli ni mfupi: ulikuwa kazini, kengele ililia, sheria inaruhusu. Ukishasema hayo, nyamaza. Nakujua. Tangu shule ulikuwa ukiulizwa swali moja unajibu matatu.

Sisemi hivi kwa ajili ya kazi yako tu. Mimi ni mkunga. Hapa zahanati sina gari. Mama akinishinda naletewa la polisi, na dereva wake Lucian unamfahamu. Mwezi wa Januari alimbeba Petronila, yule mke wa fundi cherehani, damu inamtoka kama maji. Maili ishirini na moja mpaka hospitali ya Dar es Salaam, Lucian alizimaliza kwa dakika ishirini na sita. Nilikuwa nyuma, kichwa changu kinagonga bati, namtukana Lucian kwa moyo wote. Petronila leo anauza maandazi. Kila akiniona ananiuliza, "Bi Mkunga, kile kichwa kimepona?"

Kwa hiyo mwendo wa gari lenu mimi najua kazi yake.

Kula vizuri.

Dada yako,
Siwema


Kibaha
2 Aprili 1955

Dada Siwema,

Shikamoo. Hali yangu ni ileile. Nashukuru kwa barua, na kwa zile embe kavu, zimefika salama.

Umeuliza najisikiaje. Naosha gari kila asubuhi. Nalipanga jiwe la kuzuia gurudumu mahali palepale.

Jumapili tarehe 27 nilikwenda Misugusugu kwa wafiwa. Bwana Inspekta alikuwa amenikataza, akasema nikienda nitaonekana nimekiri kosa. Niliomba ruhusa ya siku moja, nikavaa kanzu, nikaenda kwa miguu. Barazani walikuwapo wanaume kama kumi. Mtani wao mmoja aliponitambua alisema, "Loo, na huyu naye kaja mbio?" Wengine wakacheka kidogo. Nikakaa. Nikaletewa kahawa.

Bi Mwanne alinipokea bila maneno makali. Nilimwuliza jambo moja tu, kama walisikia kengele. Akasema, "Tuliisikia, mwanangu. Lori la mkonge lilikuwa ndiyo kwanza limepita, masikio yamejaa ngurumo, lakini kengele tuliisikia. Marehemu akaniambia, 'Mke wangu, pisha baiskeli.' Tukasogea hivi." Akanionyesha kwa mkono, upana wa bega. Yeye alikuwa upande wa majani. Mumewe alikuwa upande wa barabara.

Dada, hapa kengele barabarani ni baiskeli. Hakuna kengele nyingine. Gari letu lilifungwa ile yake mwezi wa Desemba, na hakuna aliyewaambia watu maana yake. Mzee alifanya kama mtu yeyote anavyofanya, akaipa baiskeli nafasi ya baiskeli. Mimi nilimwona akisogea, nikadhani amenisikia, nikaachia breki.

Hilo la breki halimo katika daftari. Nimeliongeza jana, na tarehe ya jana.

Nataka kuyasema haya tarehe 12.

Mdogo wako,
Hemedi


Kisarawe
7 Aprili 1955

Hemedi,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo, ila nimekasirika, basi vumilia.

Nakubali kengele ile ni ya baiskeli. Hata mimi ningesogea upana wa bega. Lakini fikiri watafanya nini wakubwa wakiyasikia. Hawataenda kijiji hadi kijiji kuwafundisha watu kengele. Hawatanunua honi. Watafanya lililo rahisi, watakata mwendo. Watasema magari yote ya polisi yafuate vibao. Na siku hiyo mimi nitakuwa nimekaa nyuma ya gari la Lucian na mama wa watu, tunatembea kama tunakwenda kuposa.

Mzee Mbaraka harudi. Bi Mwanne akipenda kulisema hilo, atalisema mwenyewe. Wewe ukilisema unajipunguzia mzigo, na mzigo huo utambebesha mtu usiyemjua.

Unaniona mbaya. Sawa. Nimezoea kuonwa mbaya, ni sehemu ya ukunga.

Dada yako,
Siwema


Kibaha
28 Aprili 1955

Dada Siwema,

Shikamoo, na mfungo mwema. Hapa tumeuanza salama, jua ni kali.

Nilisema.

Bwana Shauri aliuliza kama kengele ililia. Nikajibu ndiyo. Akafunga kalamu yake. Nikasema, "Bwana, lakini haikusikika kama kengele ya gari." Akaifungua tena. Nikaeleza yote, pamoja na breki. Bi Mwanne hakuitwa, kwa hiyo kama nisingesema mimi asingesema mtu.

Uamuzi ulisomwa jana. Mimi sina kosa. Tangu leo magari yote ya polisi katika wilaya, ya huku na ya huko Kisarawe, yasizidi maili thelathini popote, kengele ikilia au isilie, mpaka amri nyingine itoke.

Ni kama ulivyosema. Nakuandikia hili mapema ili ulisikie kwangu. Bwana Inspekta haongei nami ila ya kazi. Askari wenzangu wananiita Bwana Thelathini.

Nasubiri jibu lako.

Mdogo wako,
Hemedi


Kisarawe
19 Juni 1955

Mdogo wangu Hemedi,

Natumaini Idi ilikupita vizuri. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na neno jema, na neno baya nilikuwa nimeshalisema.

Jumatano tarehe 15 aliletwa kwangu mwanamke kutoka Kibuta, jina lake Swaumu, umri kama miaka ishirini na miwili. Wamembeba kwenye kitanda cha kamba tangu alfajiri. Mtoto alikuwa amekaa mlalo, na damu imeshaanza. Nilimwita Lucian. Tuliondoka saa nne kamili, naandika kama wewe. Lucian hakuzidi maili thelathini. Nilimwambia, "Kaka, kanyaga." Akanijibu, "Bi Mkunga, nina watoto wanne na amri imesainiwa." Hakugeuka kunitazama, nami sikumtukana.

Njiani Swaumu aliniuliza kama tumefika Pugu. Ndiyo kwanza tulikuwa tunaingia. Nikamwambia tumeipita zamani, ili asione safari ndefu.

Alifariki saa nne na dakika thelathini na sita, nyumba za Ilala zimeshaonekana. Mtoto pia. Kwa mwendo wa Januari tungekuwa tumefika dakika kumi kabla. Kama dakika hizo zingemponya, sijui. Nimeona waliopona kwa dakika tano, na nimeona waliokufa mezani, daktari amesimama hapo.

Sasa Bwana Shauri ameniletea karatasi. Anataka niandike kama mkunga: je, mwendo ulimwua? Nikiandika ndiyo, amri itaondolewa, na maneno yako ya Aprili yataonekana ya mtu mpumbavu. Nikiandika hapana, itabaki. Karatasi iko mezani siku ya tatu.

Sikuandikii ili nikulaumu. Nimejaribu kukulaumu na sikuweza, nimechoka tu. Niambie niandike nini.

Dada yako,
Siwema


Kibaha
23 Juni 1955

Dada Siwema,

Shikamoo. Barua yako imenifikia leo saa saba. Hali yangu ni ya kawaida.

Andika saa mlizoondoka, saa aliyofariki, maili, na zile dakika kumi. Andika kwamba hujui. Usiandike kwa ajili yangu. Wao watasoma dakika, hawatasoma "sijui", lakini iwepo.

Jina la Swaumu nimeliandika katika daftari langu, ukurasa mmoja na Mzee Mbaraka. Sikujua pa kuliandika kwingine.

Mdogo wako,
Hemedi


Kibaha
6 Agosti 1955

Dada Siwema,

Shikamoo. Nashukuru kwa ile barua yako ya mistari minne. Nimefurahi kusikia Lucian bado yuko kazini na kwamba mmerudi kutaniana. Mimi sijambo.

Amri imeondolewa; wamesoma dakika zako. Bwana Inspekta aliisoma kwenye gwaride Jumatatu, kisha akanitazama, kisha akatuambia tutawanyike. Tumerudi kwenye sheria ya zamani: kazini na kengele inalia, hatufungwi na kibao. Kengele ni ileile. Niliomba tupewe honi, nikajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Niliomba pia kuhamishiwa kazi ya lango. Hilo lilikataliwa, hakuna dereva mwingine.

Jana tuliitwa tena upande ule, wizi wa mbuzi. Nilikwenda maili hamsini tangu kituoni. Nilipofika kwenye kibao cha Misugusugu gari lilishuka mpaka ishirini, likaenda hivyo robo maili, hadi nyumba ya mwisho. Konstebo aliyekaa nami akauliza, "Vipi, Bwana Thelathini, leo umekuwa Ishirini?" Nikamwambia gia inakataa. Baada ya nyumba ya mwisho ilikubali.

Nimeandika katika kitabu cha gari: "Gia inakataa." Fundi ameifungua kutwa nzima, ameifunga, anasema haoni ubovu. Nimemwambia ataona siku nyingine. Itakataa kila siku, mahali palepale, kwenda na kurudi.

Dada, katika miaka sita ya kazi hilo ndilo neno la kwanza la uongo nililoandika kwa mkono wangu. Katika daftari langu nimeandika ukweli. Robo maili kwa mwendo ule inachelewesha sekunde ishirini na saba. Nimepima mara tatu kwa saa yangu.

Ikitokea siku nimebeba mtu, na sekunde hizo zikawa ndizo zilizopungua, nitakuandikia wewe kwanza. Hutahitaji kuniuliza.

Mdogo wako,
Hemedi