Ngazi ya Tatu ya Bandari Imefika Bukavu

Alunguli, Kindu
Siku ya Mungu, tarehe 4 Oktoba 1981

Mupendwa ndugu yangu Paulin,

Pokea salamu za nyumba nzima. Uko namna gani huko Bukavu? Germaine na watoto wanaamka vizuri? Baridi ya ziwa imeacha kifua chako, ama bado unakohoa asubuhi kama muzee? Sisi huku ni wazima. Muke wangu Sabine alilala na malaria wiki mbili, sasa amerudi shambani na mihogo imeshika. Mama yako, shangazi Marceline, anakula, anasali, anagombeza majirani, kwa hiyo usiogope, hiyo njo afya yake. Goti la kushoto tu linamusumbua. Nimemukataza kuvuka muto peke yake kwenda soko la ng'ambo, naye amekataa kukatazwa.

Nimekusalimu kwanza kwa sababu tulilelewa hivyo. Yanayofuata, soma polepole.

Unakumbuka barua yangu ya mwezi wa pili. Nilikueleza kwamba direkta wetu wa Kindu amechoka na plani za biro yetu, ofisi ya wachoraji sita, mikono sita. Mumoja anachora ukuta kwa mustari munene, mwingine kwa mwembamba. Huyu anaandika vipimo ndani ya chumba, yule inje. Hata mafundi wa mutaa wa Mikelenge wakasoma mustari wa vitone, ambao ni ukingo wa paa, wakafikiri ni ukuta, wakafunga veranda nzima ya shule kwa matofali. Direkta akasema mbele yetu sote kwamba atakayetengeneza fishi za musaada, karatasi ambazo muchoraji akikwama anavuta moja na kujijibu mwenyewe, huyo njo atakuwa shefu wa biro ya kuchora.

Nilikuomba shauri moja tu: nitumie chombo gani? Ukanijibu stensili, ile karatasi ya nta, maana inatoa kopi mia mbili kwa asubuhi moja. Nilikuamini kwa sababu wewe ulisoma, na unachora makao makuu ya kampuni yetu. Nikajaribu. Kalamu ya chuma ilipasua stensili kwenye mustari wa milimeta 0.5, na ule wa 0.2 ulitoka umevimba. Kwenye karatasi yote miwili ilikuwa sawasawa. Fishi ya kufundisha unene wa mustari, na yenyewe haionyeshi unene! Nikaacha.

Nikajaribu kadi za karatasi ngumu, maneno kwa mashine ya kuandika, michoro nimeibandika kwa uji wa muhogo. Siku tisa tu, mende wamekula kadi kumi na moja kati ya ishirini. Sabine alicheka hata akaketi chini, akasema kweli nimetengeneza chakula, si kitabu.

Mwisho nikashika kalke, karatasi inayopitisha mwanga, na wino, na kopi zake kwa amoniaki, kama tunavyofanya plani zenyewe. Ni kazi ya polepole. Lakini mustari unatoka jinsi mukono ulivyouweka, na sheria ikibadilika unakwangua kalke kwa wembe, unachora upya, unatoa kopi nyingine. Jua linazififisha, basi nikazitundika kwenye ukuta wa nyuma, kila moja na kamba yake. Fishi arobaini na moja, miezi mitano, jioni zangu zote na Jumamosi zilizobaki baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya mutaa.

Na si chombo tu. Siku moja nilimuuliza Safi, mwanamuke pekee katika biro yetu, ni jambo gani anaogopa kuuliza. Akatazama mulango kwanza. Akasema, «Sufuri iko wapi, kaka Thaddée. Tunapima kimo cha kila nyumba kutoka kwenye sufuri, na kila muntu anafanya kama anaijua.» Nikatoka kuuliza wengine wanne. Hakuna aliyeijua, nikiwemo mimi! Tangu hapo kila fishi nikaipa kichwa cha swali ambalo muntu anaona haya kuliuliza. Fishi ya 17 inasema: Sufuri iko wapi? Na jibu: sufuri yetu ni ngazi ya tatu ya bandari, kwa sababu maji ya Lualaba, hata mwaka wa mafuriko, hayakuivuka.

Mwezi wa saba nikakutumia kopi zote arobaini na moja kwa mukono wa mama Kavugho, muuza mawese, alipopanda Bukavu na lori. Niliandika juu ya bahasha: wape wachoraji wako wazijaribu, uniambie wanakwama wapi. Tarehe 15 ukanijibu mistari mitatu. Zimefika. Nitazitazama. Vumilia.

Nikavumilia siku sabini na moja.

Tarehe 24 ya mwezi uliopita, bahasha ya makao makuu imefika kutoka Bukavu. Ndani fishi arobaini na moja, maswali yangu, mishale yangu, hata kile kiti kidogo nilichokichora pembeni ya fishi ya 8 ili kuonyesha ukubwa wa chumba. Kilichobadilika ni kisanduku cha chini kulia tu: «Zimetungwa na Sitwayeni Kakule, Bukavu.» Raia Kakule, njo wewe. Na amri kwamba maofisi yote ya kampuni, Goma, Uvira, Bukavu, Kindu, yazifuate.

Donatien, ambaye meza yake inagusa yangu, njo alivuta fishi ya 17. Akaisoma mara mbili. Akanigeukia, uso mukavu kabisa:

«Thaddée, ngazi yetu ya bandari imepanda mulima lini?»

Biro nzima wakacheka, Safi akafunika mudomo kwa kitenge. Paulin, watu wa Bukavu wanapimaje nyumba zao za mulimani kutoka kwenye ngazi ya bandari ya Kindu? Huko kwenu hakuna hata Lualaba. Ulikopia hata mahali pa kusimamia. Kama ungezisoma mara moja tu, mara moja kama muchoraji, ungeliona hilo. Mimi sikucheka. Nilikuwa ninahesabu miezi.

Direkta naye hakucheka. Aliniita, akaweka fishi zako juu ya zangu bila kusoma zaidi ya jina, akaniambia, «Sitwayeni, miezi yote hii ulikuwa unakopia kazi ya Bukavu na kuniambia ni yako.» Ningeweza kujibu. Kilichonifunga kinywa ni jina lako, kwa sababu alilisoma mbele yangu kwa sauti, na kwa miaka thelathini jina hilo ninalisikia mama yako akiliita kutoka jikoni, langu likifuata.

Katika bahasha hiyohiyo kulikuwa na barua nyingine: mwezi wa kumi na moja Sitwayeni Kakule atahamia Kindu kuwa shefu wa biro ya kuchora. Kwa maneno mengine, utakalia kiti changu, na mimi nitakuletea plani usahihishe kwa fishi zangu.

Ndugu, baba yangu alipokufa nilikuwa mwaka wa tatu wa shule. Shangazi alikuwa na nguvu ya kusomesha muntu mumoja, akakutuma wewe. Sikulia. Nilibeba matofali, nikaokota plani zilizotupwa na mafundi, nikazifuata kwa kidole hata nikajua kuchora. Sijawahi kukuonea wivu shule yako. Lakini shule ulishapata. Kiti hiki njo kitu cha pili.

Sikiliza hesabu yangu sasa. Kalke za asili ninazo zote arobaini na moja. Kila moja ina tarehe kwa penseli pembezoni na makovu ya wembe mahali nilipokosea: mia mbili na kumi na mawili, nimeyahesabu. Zako bila shaka ni safi, maana mwenye kufuata mustari wa mwingine hakosei. Kuziweka pamoja juu ya meza ya direkta ni kazi ya dakika tano.

Sitaki ufukuzwe. Ninataka uende kwa direkta wako, uandike kwa mukono wako kwamba fishi zimetoka Kindu na ni nani alizitunga. Mama Kavugho anaondoka Jumatano na barua hii, mvua ikiruhusu atakuwa Bukavu kabla ya tarehe 14. Ukishaandika, pitia parokia, watumie ujumbe kwa redio ya mapadri: «Nimefanya.» Neno moja linatosha. Nitangoja hadi Jumatatu tarehe 26.

Salamu kwa Germaine, yeye sina neno naye. Mwambie kitambaa alichomutumia Sabine kimeshonwa. Musalimu Bruno, jirani yako aliyenilaza nilipokuja mwaka jana. Watoto uwabusu. Mungu awalinde, na akupe usingizi, maana sidhani unao.

Jambo la mwisho. Kalke sikuziacha biro. Ziko katika sanduku la chuma la mama yako, chini ya vitenge vyake vya siku ya kuzikwa, na ufunguo anauvaa shingoni. Aliniuliza ni karatasi gani hizi ninazozishika kama mutoto muchanga. Nikamujibu, «Ni kazi yetu, shangazi, mimi na Paulin.» Akafurahi, akazifunika yeye mwenyewe. Tarehe 26 asubuhi, kama redio imenyamaza, nitamuomba ufunguo, na atauliza ninazipeleka wapi. Nimeshamudanganya mara moja kwa ajili yako. Ya pili sitaweza.

Mimi ndugu yako, ambaye bado anakupenda, na hapo njo panauma,

Thaddée