Macho Niliyowaonyesha

Alhamisi, alasiri. Upepo uliovuma usiku kucha umekata. Ziwa limetulia mno, na wale wadudu wadogo wa ziwani wamesimama juu ya maji kama moshi usio na moto chini yake.



Niandike kwa mpangilio, labda nitajielewa. Kwa wiki kadhaa magugu maji yameufunga mwalo wetu wa kushushia samaki. Mitumbwi haitoki. Magari ya wanunuzi binafsi wa sangara, yaliyokuwa yakigombania nafasi hapa tangu biashara iwe huria, yanapita bila hata kupiga honi, yanakwenda mialo ya mbele. Njaa ikaingia, na watu wenye njaa wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Wakampata Bibi Kabula.

Bibi Kabula ni mjane, anaishi peke yake nyuma ya matanuri yetu ya kubanikia samaki. Amebanika tangu sijazaliwa, moshi umeyafanya macho yake kuwa mekundu kama pilipili. Huku kwetu kikongwe mwenye macho mekundu hatafutiwi ushahidi wa uchawi. Jana mchana Masanja, mwenye mitumbwi, aliitisha mkutano pale mwaloni. Akasema bibi ndiye aliyeyaita magugu, kwa hiyo aondolewe. Wanaume walikuja na mapanga. Hakuna aliyeuliza kuondolewa maana yake nini.

Mimi ni mwenyekiti wa akina mama wabanika samaki. Nikasimama kuzungumza.

Kwenye semina ya viongozi wanawake kule Misungwi tulifundishwa kwamba msikilizaji anavutwa kwa kamba tatu: akili yake, moyo wake, na imani aliyonayo kwa anayesema. Nililipenda sana somo lile. Nilirudi nyumbani najiona mjanja.

Nikaanza na akili. Nikawaambia magugu yapo mpaka kivukoni Kigongo, pantoni inapita humo humo. Bibi asiyeweza hata kubeba ndoo ya maji angeyaleta lini yote hayo? Masanja akadakia, "Si ndiyo ujue ana nguvu kiasi gani!" Watu wakaguna kumkubali. Jamani!

Nikahamia moyoni. Nikawakumbusha ni mikono ya nani iliyowapokea wengi wao siku walipozaliwa. Nikadhani nimewapata. Mama Ngollo, rika la mama yangu mzazi, akasema taratibu, "Ndiyo maana anatujua sote."

Ikabaki kamba ya tatu, yaani mimi mwenyewe. Watu hawa wananiamini. Ninashika mizani ya kikundi na sijawahi kumpunja mtu. Nikavua kitambaa nilichojifunga mpaka kwenye nyusi, nikawasogelea. "Niangalieni macho," nikasema. "Yana tofauti gani na ya bibi? Mkimgusa yeye, mjue na mimi nipo."

Mungu ananiona, nilimaanisha moshi tu. Tanuri lilelile, kuni zilezile, na litakalompata yeye litatupata sote.

Hawakusikia hivyo. Niliona nyuso zikibadilika, uso mmoja baada ya mwingine. Waliokuwa mbele wakarudi nyuma. Masanja akalificha panga nyuma ya mguu, kama mtoto aliyekutwa analamba sukari. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Hapana jamani, nazungumzia moshi." Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Kwa sababu maneno yangu yalikuwa yanafanya kazi.

Wakatawanyika. Bibi akalala salama kwake, na mimi nikalala kwangu kama mshindi.

Leo asubuhi nimeshuka ziwani, magugu hayapo. Hata jani! Maji matupu mpaka mbali. Ni ule upepo wa usiku, ulitoka nchi kavu ukayasukuma, najua. Nilitaka kumwambia mtu hivyo, lakini kila niliyemkaribia alitazama chini. Mchana nikakuta sangara mzima mlangoni kwangu, na hakuna aliyesema ni wake.

Nikiwa njiani nikakutana na Mama Ngollo. Kabla sijamwamkia, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mwenyekiti."

Mama Ngollo, aliyenibeba mgongoni! Niliogopa kuitikia, maana ingekuwa kama nimekubali.

Nikakimbilia kwa Bibi Kabula, nikitamani mtu mmoja tu wa kucheka naye. Alikuwa anachochea moto. Akanishika mikono, akanishukuru mpaka machozi yakamtoka. Kisha akatupa jicho mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umeyapeleka wapi?"

Nikamwambia ni upepo. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekubali kunitunzia siri.

Nilipoanza kuandika hapakuwa na upepo. Sasa karatasi inapepea, nimeikandamiza kwa kiwiko. Upepo unatoka ziwani. Kule mbali, nyuma ya wale wadudu, pana mstari wa kijani ambao mwanzoni sikuuona. Unasogea.

Yakirudi, hakuna atakayekwenda kwa Bibi Kabula. Watakuja kwangu. Na nitawaambia nini watu ambao tayari wananiamini?